Naomba ushauri: mchanganyiko wa viriba unakataa maji

Habari zenu wakulima wenzangu. Niko Muheza, Tanga, naotesha miche ya nyanya na hoho kwenye viriba. Nimechanganya mboji, maranda ya mbao na vumbi la makumbi ya nazi.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani siku mbili, kurudi nikakuta viriba vimekauka kabisa. Nikamwagilia. Maji yakasimama juu kama matone kwenye jani la myugwa, kisha yakateremka pembeni na kutokea chini. Nilipochana kiriba kimoja, katikati palikuwa pakavu, vumbi tupu. Karibu nusu ya miche imelala, na inaniuma kweli.

Vumbi la makumbi peke yake hunywa maji vizuri hata likikauka, kwa hiyo nashuku maranda, maana yalikuwa mabichi, hayajaoza. Je, niyaondoe? Au niweke viriba kwenye beseni, maji yapande kutoka chini?

Halafu makumbi yenyewe yalilowekwa baharini kabla ya kupondwa. Mnayasuuza mara ngapi hadi chumvi iishe? Nina viriba 300 vinasubiri kujazwa, naomba mnisaidie kabla sijaanza.