Kumbukumbu zote za kikundi zimo kwenye grupu la WhatsApp: tuendelee hivi au tuhame?

Katibu Mpya, Njombe

Kamwene ndugu zangu. Nimechaguliwa mwaka huu kuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku Njombe, kikundi ambacho bado hakijasajiliwa kuwa AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, ingawa nia hiyo tunayo, na jambo la kwanza nililomwomba mtangulizi wangu ni makabidhiano ya nyaraka. Alinikabidhi mhuri, daftari moja lenye mihtasari ya vikao vya mwanzo kabisa, na maneno haya: "Mengine yote yamo kwenye grupu."

Ni kweli yamo. Michango ya pembejeo imo kwa njia ya picha za skrini za miamala. Bei tuliyokubaliana na madalali wa Makambako imo ndani ya ujumbe wa sauti wa mwenyekiti, katikati ya salamu za sikukuu, tangazo la msiba na video ya mahubiri. Uamuzi wa kutouza lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, nao umo humo, na ndio unaoniumiza kichwa kwa sasa, kwa sababu mwanachama mmoja anadai ulitenguliwa katika kikao kilichofuata, mwingine anadai haukuwahi kupitishwa, na mimi ambaye wakati huo nilikuwa natumia kitochi sioni chochote cha kabla ya siku niliyoingizwa kwenye grupu. Simu ya katibu aliyepita iliharibika, akaanza upya kwenye nyingine bila nakala ya akiba.

Binafsi naanza kuamini kwamba hapa hakuna mzembe wa kulaumiwa. Chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kuongea, nasi tumekigeuza ofisi. Naomba kusikia kutoka kwa wenye uzoefu: mnahifadhi wapi maamuzi na michango, na mliwezaje kuhama bila kuwapoteza watu, ikizingatiwa kwamba wanachama wengi hununua bando la WhatsApp peke yake na hawana hamu ya programu nyingine?

Mkaguzi Mstaafu, Iringa

Ndugu Katibu, pole kwa mzigo ulioupokea. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekagua vitabu vya vyama vya akiba na mikopo na vya mazao, kwa hiyo niruhusu niseme kwa ukali kidogo: kikundi chenu hakina kumbukumbu, kina mazungumzo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hivyo hawakusisitiza kwamba daftari liwe la karatasi. Walichotaka ni maandishi yanayobaki kama yalivyoandikwa.

Sasa kiangalieni chombo mnachokitumia. Tangu mwaka 2022 admini anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote usionekane tena kwa wote. Tangu mwaka 2023 aliyeandika anaweza kuuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, na akitaka kuufuta kabisa ana siku mbili na kitu za kufikiri. Upo pia mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwa watu wanaopiga soga haya yote ni mema, maana si kila neno la mtu linastahili kumfuata hadi kaburini. Kwa fedha za watu ni balaa. Mhazini aliyefundwa akikosea tarakimu kwenye leja hachani ukurasa wala hapaki rangi ya kufutia. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, huandika tarakimu sahihi pembeni, akatia saini na tarehe.

Mkishasajiliwa mtakuwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na wakaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, hawatakaa wakisikiliza sauti za mwenyekiti hadi jioni. Picha ya skrini inaonyesha kwamba fedha ilitoka kwa fulani. Haionyeshi ilikuwa ya kulipia nini, wala kama iliingizwa kwenye kitabu.

Kuhusu lumbesa, acheni kuutafuta uamuzi wa zamani, kwa sababu hata mkiupata mtabishana juu ya maana yake. Itisheni kikao, amueni upya, andikeni, sainini.

Mama Viazi, Makete

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nayaheshimu, lakini daftari unalolisifu mimi nalikumbuka vizuri. Letu lilikaa ndani ya sanduku nyumbani kwa katibu, na mwanamke aliyetaka kujua kama mchango wake wa mbolea umeandikwa alilazimika kwanza kumwomba mke wa katibu amuulizie mumewe. Leo anayechanga anarusha uthibitisho wa muamala mbele ya watu wote, saa ileile, na mhazini wetu, aliyekuwa na tabia ya kusahau michango ya watu wapole, tangu hapo kumbukumbu zake zimekuwa nzuri mno. Kwetu grupu ndilo lililolitoa daftari sandukuni.

Tunao pia kina bibi wasiojua kusoma. Muhtasari uliochapwa kwa Kiswahili cha ofisini hauwafai kitu, lakini ujumbe wa sauti kwa Kikinga wanausikiliza, wanaurudia na kuujibu. Ukimwambia bibi huyo afungue jedwali kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, umemtoa kwenye kikundi kwa adabu.

Na nyie wataalamu wa kompyuta mna ugonjwa wa kutuhamisha. Kila mradi unaopanda huku milimani unakuja na programu yake, tunafundishwa, tunapewa nywila, tunapigwa picha tumeshika simu. Mradi ukiisha na programu inakufa. WhatsApp inabaki, kwa sababu ndiyo tunayotumia kumtafuta mtoto aliyeko Dar es Salaam.

Mwandika Programu, Mbeya

Kuhusu programu za miradi, mama, sina la kubisha, na ningekuwa na uwezo ningezuia mfadhili yeyote kuleta programu ambayo haijatajwa nani ataigharamia mradi ukishaondoka. Ninachokibisha ni dhana kwamba grupu ni la wote. Grupu ni la waliokuwepo. Katibu mwenyewe ni shahidi: ni kiongozi halali, amechaguliwa, na hawezi kusoma maamuzi anayotakiwa kuyasimamia. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kumbukumbu, kwamba mtu aliyechelewa kufika aweze kuelekezwa mahali, akakuta jambo lilelile walilolikuta wenzake.

Tatizo hili si la wakulima peke yao. Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, akiwa mfanyakazi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo. Hakuzungumzia biashara wala burudani. Alilalamika kwamba watu wengi hukaa pale takriban miaka miwili tu, na kwamba wakiondoka taarifa hupotea, huku wageni wakiwamalizia wenyeji muda kwa kuulizia mambo yaliyokwisha kufanywa. Kutokana na pendekezo hilo ikazaliwa wavuti, na nguvu yake kubwa ni kitu ambacho siku hizi hatukioni hata kukifikiria: kila ukurasa una anwani. Miaka thelathini na ushei baadaye tumeshika simu zinazoweza kuzifungua kurasa hizo zote, kisha tumejifungia kwenye vyumba visivyo na anwani. Kila masika mtu anauliza ni dawa gani ya ukungu iliyosaidia mwaka jana. Jibu lilishatolewa, tena na mtu mwenye shamba kubwa, lakini limefunikwa na "Amina" hamsini na mikono ya kuomba. Sielewi ni kwa nini tunayaita haya maendeleo ya mawasiliano.

Chumba chenyewe kina mwenye nyumba. Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, na tarehe 4 Oktoba 2021 huduma zake zote zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita baada ya mafundi wake wenyewe kukosea wakati wa matengenezo. Kwa soga, saa sita si kitu. Kwa kikundi ambacho gari la kupakia viazi linasubiri barabarani na bei iko kwenye sauti ya mwenyekiti, ni kitu.

Kuna jambo ambalo hapa hakuna aliyeligusa, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko lumbesa. Tangu mbolea ya ruzuku ianze msimu wa 2022/2023, makundi ya namna hii yamejaa picha za vitambulisho vya taifa vya NIDA, zilizorushwa kwa nia njema ili katibu amsaidie mtu kujiandikisha. Picha hizo sasa zimekaa kwenye simu ya kila mwanachama, zimejihifadhi zenyewe pamoja na picha za harusi, na mtoto anayeazimwa simu kwa ajili ya mchezo anaziona. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria inatosha kukumbuka kwamba namba hiyohiyo ya NIDA ndiyo inayosajilia laini za simu. Vitambulisho vitumwe kwa katibu peke yake, naye avifute akishamaliza kazi.

Sipendekezi tovuti wala programu mpya. Katibu awe na jedwali moja lenye tarehe, jina, kiasi, kilicholipiwa na namba ya muamala. LibreOffice ni ya bure na haihitaji intaneti, na kama kompyuta hakuna, leja ya mzee inatosha kabisa. Maamuzi yapewe namba. Mkisema kwenye grupu "tazameni Uamuzi wa 7", mmeupa uamuzi huo anwani, hata kama umeandikwa kwa kalamu ya wino. Ukurasa upigwe picha na kurushwa siku hiyohiyo, ili mama wa Makete asirudishwe kwenye sanduku la katibu.

Fundi Simu, Mwanjelwa

Kabla hamjafanya lolote kati ya hayo, mtafuteni mwanachama aliyekuwa kwenye grupu tangu lilipoanza na ambaye hajabadilisha simu, kwa sababu historia yote iko kwake. Asitolewe, asijitoe, na asiisasishe simu hiyo kwa pupa. Kwenye mipangilio ya grupu kuna sehemu ya kuyatoa mazungumzo na kuyatuma kama faili la maandishi, ambalo hata kompyuta ya zamani italifungua. Idadi ya ujumbe utakaotoka ina ukomo, na mkiambatisha picha na sauti ukomo huo ni mdogo zaidi, kwa hiyo toeni kwanza maandishi matupu, kisha sauti muhimu moja moja.

Kuhusu nakala ya akiba, wengi wanaoniletea simu zilizozama kwenye maji hudhani wanayo. Tangu mwaka 2024 nakala ya WhatsApp kwenye simu za Android inakula nafasi ileile ya gigabaiti 15 za bure za akaunti ya Google ambamo barua pepe na picha zenu zimo, na nafasi ikijaa nakala mpya inakwama bila mwenye simu kugundua. Fungueni leo mwone tarehe ya nakala ya mwisho.

Katibu Mpya, Njombe

Nawashukuru wote, na kwako mzee, shikamoo. Nimempata mwanachama mwenye simu ya tangu mwanzo. Amekubali, ila anataka uhakika kwamba mazungumzo yake na mkewe hayatatoka pamoja na ya kikundi.

Mwenyekiti ameridhia lumbesa iwe ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, na maamuzi yatapewa namba. Picha za vitambulisho nimeomba kila mtu azifute, na nimejifunza kwamba kuomba hivyo kwenye grupu kunawafanya watu wengine waanze kuzitafuta kwa udadisi. Kilichobaki ni sauti za mwenyekiti, ambazo ni nyingi na ndefu. Tuzinakili zote? Na nani anakili?

Fundi Simu, Mwanjelwa

Hutoka ya grupu lililochaguliwa tu. Mwambie mkewe asiwe na wasiwasi.

Mama Viazi, Makete

Mtu wa kunakili asiwe mwenyekiti mwenyewe wala rafiki yake. Na uamuzi ukishaandikwa, mtu mmoja ausome kwa sauti kwa lugha ya nyumbani na kuurusha kwenye grupu pamoja na picha ya ukurasa. Namba za maamuzi nimezipenda, nitazipeleka kwetu.

Mkaguzi Mstaafu, Iringa

Marahaba. Binti yangu wa Makete amenishinda kwenye suala la sanduku, na kuhusu anayenakili amesema sawa. Msinakili zote. Chukueni zinazotaja fedha, bei au ahadi ya mtu, salamu ziacheni. Juu ya kila moja andikeni tarehe ya ujumbe, jina la aliyesema na jina la aliyenakili, kisha mwenyekiti asomewe maneno yake mbele ya kikao na atie saini. Akikana, msimfute, andikeni kwamba amekana.