Ushuru wa dagaa tunalipa, choo cha dikoni tumuombe nani?

Mwanika Dagaa:
Asalaam alaykum jamani. Nipo Pemba, wilaya sitoitaja. Mwaka wa sita huu nachemsha na kuanika dagaa dikoni, hapo boti za uvuvi zinaposhushia. Boti zikifika alfajiri kuni zishawaka, na kwenye chanja za kuanikia hatuondoki mpaka alasiri. Muda wote huo choo hatuna. Zamani tukiingia mikokoni, sasa imekatwa, pako wazi. Mwenzetu mjamzito alikuwa hanywi maji tangu asubuhi asije akabanwa na haja mbele ya wanaume. Roho iliniuma.

Ushuru tunalipa, risiti zangu zimejaa kopo la maziwa. Nimekwenda kwa sheha, kasema hana fungu. Nimekwenda kwa mkuu wa wilaya, nikaambiwa hapa sipo. Shemeji yangu wa Tanga anasema tuitishe mkutano tumuondoe sheha. Nani hasa mwenye kauli?

Kombo wa Ng'ambo:
Jaribuni kwa Mwakilishi wenu wa Baraza la Wawakilishi, upo mfuko wa maendeleo ya jimbo.

Diwani wa Zamani:
Waalaykum salaam, dada yangu. Nilikuwa diwani kipindi kimoja, na watu wengi walizungushwa kama wewe.

Shemeji yako anasema ya kwao. Bara mwenyekiti wa kijiji anapigiwa kura. Kwetu Zanzibar sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa, kwa ushauri wa mkuu wa wilaya. Hao watatu ni mstari mmoja, wa serikali kuu. Halmashauri ni mstari mwengine, na kila mmoja una sheria yake ya mwaka 2014: Namba 7 ni ya serikali za mitaa, Namba 8 ya tawala za mikoa. Kwa hivyo sheha hakukudanganya, ushuru wako haupiti mkononi mwake.

Hebu itazame risiti juu, imeandikwa nani? Kama ni halmashauri, mtu wako ni diwani wa wadi yenu. Huyo mmempigia kura. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti na sheria ndogo ndogo, pamoja na hiyo inayowatoza nyinyi ushuru. Mkurugenzi na watendaji wake wanatekeleza kilichopitishwa, na kisichomo kwenye bajeti hata mkurugenzi akikuonea huruma hana pa kukitolea.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukenda Juni umeshachelewa, nendeni miezi ya mwanzo wa mwaka. Andikeni barua kwa mkurugenzi, mumpe diwani nakala, na sheha pia, maana yeye ndiye atakayethibitisha kiwanja hakina mgogoro. Mimi nimeona choo kikikwama miaka kwa ugomvi wa kiwanja tu. Semeni mpo wangapi, na nani atakisafisha. Hilo la kusafisha watakuulizeni mwanzo.

Mfuko wa jimbo si vibaya kuuomba, lakini ule ni mlango wa pembeni. Ushuru wenu unaingia halmashauri, uko ndiko mnakodai.

Mwanika Dagaa:
Ahsante sana kaka, Mungu akuzidishie. Nimelitoa kopo sasa hivi, ni halmashauri kweli. Diwani wetu namjua, tumesoma chuo kimoja cha Kurani kwa maalim mmoja, wala sikuwahi kufikiri kwamba hili ni lake. Tupo wanawake kumi na tisa. Kiwanja kipo nyuma ya mti wa mkungu, cha mzee mmoja, kesho baada ya kuanua nakwenda kumuuliza kama atatupa kwa maandishi.