Ukosefu wa ajira asilimia 9, ajira mpya milioni 8: hizi namba zinamhesabu nani? Tujadili

MLETA MADA:
Wakuu habari za muda huu, hili naomba tulijadili bila uchama maana linatugusa wote, hasa sisi wenye wadogo zetu waliomaliza vyuo na bado wapo tu nyumbani.

Kwa takwimu rasmi ukosefu wa ajira Tanzania unashuka kila wakipima. 2000/01 ilikuwa asilimia 12.9, 2006 ikawa 11.7, 2014 ikawa 10.3, na utafiti wa 2020/21 ukaangukia kwenye 9 hivi. Ukiishia hapo unaona mambo safi. Sasa ichukue hiyo ya 2014 uiweke pembeni ya kilichotokea Juni mwaka huohuo, Uhamiaji waliita usaili wa nafasi 70 wakajitokeza watu zaidi ya 10,000 mpaka ikabidi wawekwe Uwanja wa Taifa, majukwaa yakajaa vijana na bahasha zao za vyeti. Njoo 2025, TRA, mamlaka ya mapato, nafasi 1,596, maombi yakapita 130,000.

Mimi sisemi NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanapika namba. Nasema namba yao inajibu swali ambalo sisi mtaani hatujauliza. Mdadisi akifika nyumbani anauliza wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote, hata saa moja, ya malipo au faida? Yule dada mwenye digrii anayekaa chini ya mwavuli stendi anasajili laini, hana mshahara, analipwa kwa kila laini, siku ikinyesha mvua hakuna mteja anarudi na nauli ya kukopa, atajibu ndiyo nilifanya, na hajadanganya. Basi huyo ameajiriwa, anaingia safu moja na mwenye mkataba, bima na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Wenyewe tunaita kujishikiza.

Halafu anakuja mwanasiasa. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira milioni 8 ndani ya miaka mitano, kufika 2025 tukaambiwa zimevuka hapo. Zilihesabiwaje? Kibarua aliyebeba zege miezi mitatu kwenye mradi, mradi ukaisha akahamia mwingine, huyo ni ajira moja au mbili? Wale wa hoteli za Arusha waliorudishwa nyumbani kipindi cha korona 2020, wakaitwa tena watalii waliporudi, ni ajira mpya? Na zilizokufa nani anazitoa? Mimi ninachosikia kila siku ni zilizozalishwa tu.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu hapo umeionea NBS. Tanzania tuna tafsiri yetu ya kitaifa na ni kali kuliko hiyo ya saa moja ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, kwenye wasio na ajira inawaingiza waliokata tamaa ya kutafuta, na wale wa kazi za kubangaiza wasiojua kesho kama ipo. Ndiyo maana yetu inatoka 9 wakati makadirio ya ILO yanatuweka chini ya 3. Wangetaka kutufurahisha si wangetumia hiyo ndogo? Na tuache dharau, machinga anasomesha watoto, bodaboda anajenga, leo unamwambia hana kazi? Kariakoo wapo wasio na mkataba wowote na wanawazidi kipato walimu.

MLETA MADA:
Hoja ya tafsiri ya kitaifa naikubali na ni nzuri, shida ni kwamba akisimama mtu jukwaani hasemi ametumia tafsiri ipi, anachukua inayompendezesha siku hiyo. Kuhusu machinga hakuna dharau hapa, mimi nimelelewa na mama ntilie. Ninachokataa ni serikali kumfukuza mtu barabarani na meza yake asubuhi, halafu jioni imuweke kwenye orodha ya ajira ilizozalisha. Hiyo meza aliinunua kwa pesa ya mchezo (upatu) na dada zake, serikali imezalisha nini hapo? Kitambulisho cha machinga kile cha 20,000 alikilipia mwenyewe.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mbona hata Afrika Kusini wanagombana? 2025 bosi wa benki ya Capitec alisema asilimia 32.9 yao ni kubwa mno, eti wakihesabiwa wauza vitu mitaani itashuka mpaka 10. Sasa mngetaka sisi tuwe na 33 ndo muamini? Takwimu ikisema vibaya ni ya kweli, ikisema vizuri imepikwa.

MLETA MADA:
Ndugu yangu umenisaidia kwa mfano huo. Ofisi yao ya takwimu ilimjibu hadharani kwamba hao wa mitaani tayari wamo kwenye hesabu. Wanatoa takwimu kila miezi mitatu, zote mbili, ile rasmi na ile pana inayowaweka na waliokata tamaa ambayo kipindi hicho ilipita 43, mtu achague agombane nayo. Sisi kati ya utafiti mkubwa wa 2014 na ule wa 2020/21 ilipita miaka sita, hapo katikati kila mtu anajisemea. Na tusisahau 2018 sheria ya takwimu ilifanyiwa marekebisho ikawa kosa la jinai kutoa takwimu za kupinga za NBS, faini isiyopungua milioni 10 au jela miaka mitatu, Benki ya Dunia ikalalamika, 2019 ikabidi hicho kipengele kilegezwe. Ukiwafundisha watu kwamba kubishia namba ni kesi, usishangae wakiacha kubisha na wakaacha pia kuamini.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Sawa, lakini sema unataka nini, kulalamika ni rahisi.

MLETA MADA:
Nataka waziri akitaja ajira azitaje na mafungu yake. Ngapi zina mkataba wa maandishi, ngapi zinachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, ngapi zimedumu zaidi ya mwaka, ngapi zimekufa. NSSF na PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma, wana orodha ya wanachama wanaochangiwa kila mwezi, hapo huhitaji hata kumtuma mdadisi nyumba kwa nyumba. Kama kweli zilifika milioni 8, tuonyeshwe wachangiaji wameongezeka wangapi tangu 2020. Mwenye hiyo namba aiweke hapa tuendelee.