Mkoba wa kazi umerudishwa, naomba ushauri (niko Mtwara)

Mwanachuo wa Ligula:
Wakuu habari zenu. Nasoma ualimu hapa Mtwara, mwaka wa mwisho, Historia na Jiografia. Tumetakiwa kuwasilisha mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa kazi zetu za mafunzo (portfolio). Nikakusanya kila kitu tangu mwaka wa kwanza: vyeti, maandalio ya somo, majaribio, picha. Steshenari wakaubana spairo, ukawa mnene kama tofali. Mkufunzi kafunua kurasa tatu, kanirudishia: "Hili kabati, si mkoba." Nina wiki mbili. Nitoe nini? Na lile somo la Tendaguru, kule Lindi ilikochimbwa mifupa ya dinosaria, nililochemsha nikiwa mazoezini Lindi, si nilitupe tu?

Korosho Ghafi:
Kopi za vyeti weka faili lake, hizo ni za kuombea kazi. Mkoba unaonyesha umejifunza nini. Chagua kazi sita, saba hivi, kila moja iwe na nusu ukurasa: kwa nini umeichagua, leo ungeifanyaje.

Mwalimu Mstaafu:
Mdogo wangu, hilo la Tendaguru usilitupe. Ulichemsha vipi?

Mwanachuo wa Ligula:
Shikamoo mwalimu. Niliandika ubaoni: Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Nikawaambia wakariri. Nikiuliza swali, kimya. Msimamizi akaandika kwa wino mwekundu, "Wanafunzi wako wapi kwenye somo hili?" Kipindi kilichofuata nikaenda na kamba ya mita 13, maana mjusi aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin ana urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu. Tukailaza uwanjani. Mtoto mmoja akatembea mwanzo hadi mwisho, akauliza kwa nini mifupa haikubaki kwetu. Hapo kengele ikalia wakiwa bado wanabishana.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Sasa huo ndio mkoba wenyewe! Weka andalio la kwanza na wino wake mwekundu, usilinakili upya likapendeza. Lifuatie la pili, kisha tafakuri yako. Na usiandike "nilijifunza mengi", hiyo kila mtu anaandika. Andika swali la yule mtoto. Mimi nilisahihisha mikoba miaka mingi, iliyonikera ni ile isiyo na kosa hata moja.

Mama Mikindani:
Picha za wanafunzi ficha sura, au omba ruhusa ya mkuu wa shule. Majina yao futa. Halafu skani kila kitu kwa simu ujitumie kwenye barua pepe. Wangu ulilowa masika, chumba cha kupanga kilivuja, nikabaki na jalada tu.

Korosho Ghafi:
Na yaliyomo yawe mbele, kurasa zina namba. Mkufunzi asitafute.

Mwanachuo wa Ligula:
Asanteni sana. Kamba bado ninayo, nibandike kipande?

Mwalimu Mstaafu:
Ipige picha, mwanangu. Kamba yenyewe utaihitaji ukianza kazi.