Karatasi ya shule "Vikumbusho vya Kuanguka": kipi cha lazima, kipi cha kupita?

Baba Nuru (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Tulihamia Minnesota mwezi wa saba, mji mdogo kusini ya Minneapolis. Kwetu ni Muheza. Binti yangu yupo darasa la kwanza, shule ndogo, kila darasa mkondo mmoja. Mimi napiga shifti ya usiku kiwanda cha nyama, mama yake anaingia mchana, kwa hiyo karatasi za shule nazisoma mimi asubuhi macho mekundu.

Juzi nimekuta kwenye begi karatasi ya rangi ya chungwa, mbele na nyuma, maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Nikaipiga picha ili simu itafsiri. Kichwa kikatoka: "Habari na Vikumbusho vya Kuanguka". Nikamwita mtoto nikamkagua magoti. Programu nyingine ikaandika "Vuli". Kumbe neno lenyewe la Kiingereza ni "fall", ni kuanguka na pia ni majira haya kabla ya baridi. Sasa vuli kwa mtu wa Muheza ni mvua na kupanda mahindi, na hapa nje majani yanadondoka yenyewe makavu, wingu hakuna. Halafu kuna "kitabu cha haki" maktaba wiki nzima, sijui wanashtakiana nini.

Yote hayo nilicheka. Kilichonikera ni kikao cha mwalimu na mzazi. Tafsiri iliandika saa 3:40. Nikatoka kazini, sikulala, nikaoga, saa tatu na dakika arobaini asubuhi nipo mlangoni na koti. Katibu akanionyesha saa ya ukutani, akazungusha kidole mpaka nikaelewa ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Simu ilibadilisha maneno yote, saa ikaiacha ya Kizungu.

Sasa naogopa kukosea tena. Naomba mnisaidie: suruali ya theluji ni sare au hiari? Kwa nini nijaze fomu ya kipato wakati wamesema chakula ni bure? Mavazi ya kujigeuza ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, mtoto wangu lazima ashiriki? Na "saa kurudi nyuma" ni nini?

Mama wa Likoni

Baba Nuru, pole, na karibu baridi. Mimi niko huku mwaka wa kumi na moja, watoto watatu wamepitia shule za namna hiyo. Karatasi hiyo usiitupe, ibandike kwenye friji.

Suruali ya theluji si sare, lakini ihesabu kama lazima. Huku watoto hutolewa nje kucheza hata theluji ikiwa magotini. Shule ya wanangu huwazuia ndani baridi ikishuka chini ya sifuri ya Fahrenheit, yaani kama -18 ya kwetu. Asiye na suruali na buti huambiwa asimame kwenye lami huku wenzake wakibingirika. Mwanangu wa kwanza alisimama wiki nzima bila kuniambia. Nililia nilipojua.

Glavu mnunulie zile za dole gumba peke yake, vidole vinne vikae pamoja vipashane joto, na ununue jozi mbili kwa sababu moja itapotea kabla ya Novemba kwisha. Andika jina kwa maka peni kila kitu, hata soksi. Pale mlangoni kuna meza ya vilivyookotwa, utaona makoti ishirini ya buluu yanayofanana.

Fomu ijaze. Ni kweli tangu mwaka wa shule 2023/24 jimbo hili linawapa watoto wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Ila hesabu ya familia zenye kipato kidogo ndiyo inayoiletea shule fedha nyingine, na fomu hiyo huweza kukupunguzia ada za mambo mengine. Na jihadhari hapa: ukimfungia chakula cha nyumbani akaenda kuchukua maziwa tu, hayo yanalipiwa. Mimi nilipata deni la maziwa nikadhani wamekosea mtu.

Tarehe 31 si lazima. Sisi Waislamu, nilimwandikia mwalimu mistari miwili kuwa mwanangu hatavaa, akapewa kazi ya kuchora maboga na wenzake wawili. Hakuna aliyenuna. Peremende zikija nyumbani nasoma pakiti, baadhi zina jelatini, na huweza kuwa ya nguruwe.

Kitabu cha haki ni "book fair", maonyesho ya vitabu, baba; simu imeshika "fair" ya haki. Vinauzwa. Mtoto atarudi na orodha ndefu. Mpe dola tano na umwambie basi.

Dereva Manjano

Mkuu, mimi naendesha basi la shule, mwenyeji wa Morogoro. Dada hapo juu amemaliza mengi, naongeza ya barabarani na ya saa.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku saa zinarudishwa hadi saa saba. Simu itajirekebisha, saa ya jiko haitajirekebisha. Wewe wa shifti ya usiku uliza kazini hiyo saa ya ziada wanailipaje. Baada ya hapo kiza kinaingia karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mtoto akishuka mwisho wa njia, mvalishe kitu cha rangi kali. Nyinyi wenye makoti meusi mnatupa kazi.

Kituoni afike dakika tano kabla. Asikimbilie kitu kilichodondoka mbele ya basi, hata iwe glavu ya mama wa Likoni. Na wewe ukiendesha gari ukaona taa nyekundu za basi zinawaka na mkono wa kusimamisha umefunguka, simama angalau futi ishirini kabla ya kulifikia, hata kama unatokea upande wa pili, isipokuwa barabara imegawanywa katikati.

Kingine, angalia katikati ya Oktoba. Walimu wa jimbo zima wana mkutano wao, Alhamisi na Ijumaa shule hakuna. Wenyeji wanaita MEA, na kwenye karatasi huandikwa kana kwamba kila mtu anajua. Kuna mzazi nilimkuta amesimama kituoni na mtoto, mimi napita na gari langu naenda sokoni.

Kuku wa Mayai

Mimi mwaka wa kwanza niliambiwa nimvalishe mtoto "leyazi", na kwetu hilo ni jina la kuku wa mayai. Nikajiuliza kuku wanahusikaje na baridi. Kumbe ni nguo juu ya nguo. Ndiyo asili ya jina langu hapa.

Mama wa Likoni

Nimesahau la muhimu. Baba Nuru, kwenye kikao usitegemee simu, na usimfanye mtoto mkalimani, atatafsiri anayoyapenda. Piga ofisini useme maneno mawili tu, Kiswahili na mkalimani. Hulipi. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964 zisimbague mtu kwa alikotoka. Mara nyingi mkalimani huwa kwenye simu, mwalimu anaiweka mezani mnaongea.

Na Panadol usimtilie kwenye begi. Dawa yoyote unampelekea muuguzi wa shule mwenyewe.

Baba Nuru

Asanteni sana, nimejaza fomu asubuhi hii kabla ya kulala. Kikao kimepangwa upya, safari hii nimeandika "alasiri" kwa herufi kubwa mlangoni, na mkalimani nimeomba.

Suruali nimeipata duka la mitumba, dola nane, zambarau. Kwenye lebo ya ndani kuna majina mawili ya watoto wengine yamekatwa mstari. La Nuru nimeliandika chini yake, na nafasi ya jina moja imebaki.