Naomba ushauri: kufuatilia ukoo wa mama mkwe, kijijini Norfolk, Uingereza

Bi_Mkwe: Habari zenu wakuu. Mama mkwe wangu ni Mwingereza, ana miaka 86, kazaliwa na kukulia kijiji kimoja cha kaunti ya Norfolk. Anaikumbuka nyumba yao, shamba alilofanya kazi baba yake, na bibi yake mzaa mama. Nyuma ya hapo majina yanamchanganya. Wajukuu wako Dar na Norwich, na tunataka wabaki na kitu cha uhakika. Tuanzie wapi?

Masijala: Dada, anza naye mwenyewe, makaratasi yatasubiri. Mrekodi kwa simu, nusu saa tu kwa kikao. Ukimuuliza "zamani ilikuwaje" atajibu "ilikuwa nzuri" na kunyamaza, kwa hiyo mwekee picha mbele. Halmashauri ya kaunti ya Norfolk imeweka mtandaoni, bure, picha zilizopigwa na ndege mwaka 1946. Ukizikuza unaona nyumba moja moja. Muulize mlango wa pili alikaa nani, maji walichota wapi, njia ya shule ilikatiza shamba la nani. Majina ya majirani yaandike yote. Baadhi utayakuta baadaye kama mashahidi kwenye ndoa za ukoo.

Kalamu_Wino: Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke. Cheti chake cha kuzaliwa kinakupa jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa. Hapo unatafuta cheti cha ndoa ya wazazi, kinachotaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Usajili wa serikali ulianza Julai 1837. Faharasa iko bure FreeBMD, tovuti ya kutafutia vizazi, ndoa na vifo, ila inaonyesha wilaya ya usajili, si kijiji, na robo ya mwaka tukio lilipoandikishwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kuandikisha, ndiyo maana mtoto wa Desemba hukutwa robo ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Sensa za 1851 hadi 1921 zinataja parokia aliyozaliwa kila mtu. Ya 1841 isikupoteze: umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano ya karibu, mtu wa miaka 39 anaandikwa 35. Ya 1931 iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na rejista ya wakazi iliyoandikwa 29 Septemba 1939. Kama mama mkwe alikuwa ameshazaliwa siku hiyo, mstari wake utakuwa umefunikwa, maana walio hai hufichwa hadi miaka 100.

Bi_Mkwe: Asanteni sana. Mume wangu ameshafika kabla ya 1837 kwenye vitabu vya kanisa, picha za vitabu hivyo ziko kwenye tovuti ya FamilySearch. Shida: kuna William wawili, ukoo mmoja, kijiji kimoja, wamepishana miaka miwili.

Masijala: Angalia kwanza vitabu vya maziko. Mtoto akifa, wazazi wengi walimpa mdogo wake jina lilelile, kwa hiyo William wa kwanza huenda hakufika hata mwaka. Miti mingi ya ukoo mtandaoni imeharibika hapo, mtu kamfuata marehemu. Wote wakikua, watenganishe kwa kazi ya baba, ambayo fomu za ubatizo huitaja kuanzia 1813, na kwa jina la mama.

Kalamu_Wino: Naongezea. Ubatizo si kuzaliwa, wengine walibatizwa wakubwa, ndugu watatu siku moja. Usipouona kabisa, fikiria Wamethodisti, dhehebu lililojitenga na Anglikana, walikuwa wengi Norfolk, na vitabu vyao vilishika vijiji kadhaa pamoja. Lakini kuanzia 1754 hadi 1837 hata wao walilazimika kufunga ndoa kanisa la Anglikana, kwa hiyo ndoa itafute huko. Na kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi: ubatizo wa Februari 1740 kwa hesabu yetu ni 1741. Andika 1740/41, la sivyo utakuta mtoto anabatizwa kabla wazazi hawajaoana.