Bolti za kuchomelea zinang'oka

Mafundi, tuko Likoni, tunachomelea bolti za milimita 12 kwenye bamba la milimita 6. Chuma kilichoyeyuka chajaa upande mmoja tu, na ukiigonga bolti kwa nyundo yang'oka. Niongeze amperi?

— Amperi ziache kwanza, fundi. Klampu ya athi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme) iko upande mmoja, sumaku ya umeme huo yasukuma moto kando. Weka mbili zikabiliane, bolti katikati. Saga kutu na rangi, hata chini ya klampu.

— Pete za kauri zinazozunguka shina la bolti wakati wa kuchomelea pia zikaushe. Hewa yetu ya bahari huzitia unyevu, weldi yatoka na vitundu. Nyaya zinyooshe, usizizungushe koili.

— Pinda bolti za majaribio nyuzi 30. Ikipasuka shinani, simamisha kazi. Na kwa sababu ya sumaku hiyo, mwenye pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) asisogee karibu na mashine kabisa.